Somo: baiskeli ionekane usiku Tanga, tuanze na nyuma

Gari la kilomita 50 kwa saa linakula mita 14 kila sekunde. Dereva akikuona zimebaki mita 15, hata breki hawahi. Ndiyo maana tunaanza na nyuma, ambako wewe mwenyewe huna macho.

1. Funga taa nyekundu kwenye bomba la siti, itazame nyuma moja kwa moja. Weka mzigo wako wa kila siku, rudi hatua 30, chuchumaa usawa wa dereva wa gari dogo, uangalie. Gunia la nazi likilala kwenye kerea, taa yote imemezwa! Mbeba mizigo aifunge kwenye madigadi, chini ya kerea.

2. Ongeza rifleta nyekundu. Haili betri, ila hung'aa ikimulikwa tu. Magharibi, magari hayajawasha taa, haikusaidii.

3. Mbele taa nyeupe, iinamishe imulike lami mita 10 hivi.

4. Bandika stika za kuakisi kwenye pedeli. Kinachopanda na kushuka, dereva anajua ni mtu anakanyaga.

5. Chumvi ya bahari inakula vibati vya betri. Kila mwezi fungua. Ukiona ukungu wa kijani, sugua kwa msasa laini, pakaa vaselini kidogo sana.

6. Barabarani kaa kushoto, lakini acha mita moja kutoka ukingo wa lami (pana mchanga) na kutoka milango ya magari yaliyoegeshwa. Daladala likisimama usipenye kushoto kwake, abiria wanashukia huko. Subiri, au geuza shingo kulia, toa mkono, ndipo upite. Lori kwenye makutano, kaa nyuma yake: likikata kushoto, dereva hakuoni ubavuni.

MASWALI

– Shikamoo fundi. Navaa baibui jeusi, natoka Ngamiani kwenda Chumbageni saa moja usiku. Kizibao cha rifleta kinatosha?
– Marahaba mwanangu. Kinasaidia, ila mkoba wa mgongoni usikifunike, na taa ya nyuma iwepo. Pindo lifunge kwa mpira, cheni iwe na kava.

– Taa ipepese au itulie?
– Usiku itulie. Ikipepesa dereva anashindwa kukadiria umbali. Ukiwa nazo mbili, moja itulie, nyingine ipepese.

– Mimi natumia taa ya dainamo, ile inayozungushwa na tairi, kaka.
– Ukisimama inazima, na tairi likilowa kichwa cha dainamo kinateleza. Taa ya betri nyuma ni lazima.