Kuishi na tumaini kazini wakati mambo yamekaza

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naandika kwa ajili ya wewe ambaye kazini kwenu mshahara unachelewa, minong'ono ya kupunguza watu imejaa na kila mtu akiitwa ofisini moyo unakulipuka. Mi nilipita hapo 2020 wakati wa corona, nilikuwa nafanya kazi hotelini Arusha, Aprili ndege za kimataifa zikasimama, na hata anga ilipofunguliwa Mei 18 wageni wakawa wa kuhesabu, tukapewa likizo bila malipo halafu barua zikaanza kutoka.

Kwanza kabisa, tumaini sio kujibu "Mungu atatenda" kila mtu akifungua mdomo. Kasome Yeremia 32. Jeshi la Babeli limezunguka Yerusalemu, nabii Yeremia mwenyewe kafungwa kwenye ua wa walinzi, na ni yeye yule aliyetabiri kwamba mji utachukuliwa, halafu ananunua shamba kule Anathothi kwa mtoto wa ami yake, shekeli 17 za fedha. Anapima hela kwenye mizani, anaandika hati, anaita mashahidi, anamwambia mwandishi wake Baruku aziweke hati zote mbili kwenye chombo cha udongo zikae siku nyingi. Yaani makaratasi kabisa! Mtu ambaye haoni kesho hahangaiki na hati.

Kwa hiyo na wewe kazi yako ifanye hivyo. Pale kwetu kulikuwa na mama wa stoo, mchele umebaki gunia moja na nusu na maboksi machache ya sabuni, wageni hakuna, meneja mwenyewe haji, ila kila jioni anahesabu, anaandika kwenye daftari, anapiga mstari kwa rula, anasaini. Wengine wakati huo walikuwa wanaondoka na mashuka na vijiko wakisema wanajilipa. Njaa naijua, siwahukumu, lakini wewe usibebe. Andika unachodai, tarehe na kiasi, baki na kopi yako.

Kudai haki sio upungufu wa imani, naomba hili lieleweke maana makanisani tunalikosea sana. Kwa sheria ya Tanzania mwajiri akitaka kupunguza watu lazima awape taarifa na mkae mjadiliane kwanza. Ukiwa umefanya kazi kuanzia miezi 12 mfululizo kuna kiinua mgongo, mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilisha, mwisho miaka 10. Ukiona umeachishwa kwa uonevu nenda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayoshughulikia migogoro ya kazi, ndani ya siku 30, usikae nyumbani unafunga na kuomba mpaka siku zimepita, funga huku umeshajaza fomu. Na usisaini kwamba umepokea hela ambayo hujaishika.

Mwenzako akipewa barua, tafadhali usimwambie "Mungu ana makusudi yake". Sio siku hiyo. Msaidie kufungasha vitu vyake, msindikize mpaka stendi, nauli lipa wewe, wiki ijayo mpigie uulize watoto wanaendeleaje. Kama mna grupu la WhatsApp changeni hata elfu mbili mbili za unga, yeye asitolewe kwenye grupu. Petro anasema tuwe tayari kumjibu anayetuuliza habari za tumaini letu, tena kwa upole, sasa angalia, anayetuuliza. Mtu haulizi kama hajaona kitu.

Maombi ya pamoja fanyeni kabla ya shifti, sio kwenye muda wa kazi mteja anasubiri. Na umbea wa nani anafuata kuondolewa uukate hapohapo, unakausha watu roho bure.

Halafu usijilazimishe kutabasamu. Yeremia baada ya kununua lile shamba akaenda kuomba, na ndani ya maombi anamwambia Mungu maboma ya adui yameshafika mjini, na bado wewe unaniambia nunua shamba. Kaongea hivyohivyo alivyoona na hakufukuzwa. Mi maombi yangu ya kipindi kile mengi yalikuwa kwenye Hiace nikirudi nyumbani, kichwa nimekiegemeza kwenye kioo, nasema tu Bwana, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu na mimi hapa nina elfu nane.