Jinsi ya kuhakikisha kprobe yako imeboreshwa kweli: x86, ARM na POWER

Ukipandikiza kprobe (kichunguzi kinachoita fanksheni yako kila msimbo unapofika mahali fulani) ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux, agizo lililopo mahali ulipochagua hufunikwa na mtego. Kwenye x86 (prosesa za Intel na AMD) mtego huo ni `int3`, baiti moja tu. Prosesa ikiukanyaga, fanksheni yako huitwa, kisha agizo la asili hutekelezwa pembeni. Safari hiyo ni ghali. Nyaraka za kerneli zinatoa vipimo vya prosesa ya Intel Xeon E5410 ya biti 64: mikrosekunde 0.99 kwa kila pigo la kawaida, lakini 0.06 mtego ukigeuzwa kuwa mruko wa moja kwa moja. Kugeuza huko ndiko kuboresha; mbinu hiyo ya msanidi wa kerneli Masami Hiramatsu iliingia toleo la 2.6.34 la Linux, mwaka 2010. Tatizo ni kwamba kerneli ikishindwa kuboresha haikwambii. Inaendelea na mtego kimyakimya. Kwa hiyo kagua mwenyewe.

Hatua ya 1: Je, kerneli yako inaweza?

`grep OPTPROBES /boot/config-$(uname -r)`

Unatafuta `CONFIG_OPTPROBES=y`. Utaikuta kwenye x86, POWER, na ARM ya biti 32 ambayo kerneli yake haitumii Thumb-2 (maagizo yaliyofupishwa). Kwenye arm64 (ARM ya biti 64) usihangaike kuitafuta, haipo.

Hatua ya 2: Pandikiza katikati ya fanksheni

Ukiweka kprobe mwanzoni kabisa mwa fanksheni, mara nyingi itabebwa na ftrace, kifuatiliaji cha fanksheni cha kerneli, ambayo ni njia nyingine kabisa. Fungua `objdump -d vmlinux`, chagua mahali agizo linapoanzia, kisha ukiwa root (badilisha 0x1b kwa nambari uliyoipata):

`cd /sys/kernel/tracing`
`echo 'p:jaribu do_sys_openat2+0x1b' > kprobe_events`
`echo 1 > events/kprobes/jaribu/enable`

Hatua ya 3: Soma lebo

`cat /sys/kernel/debug/kprobes/list`

Subiri kidogo kwanza, kwa sababu uboreshaji hufanywa na kazi ya nyuma ya pazia. `[OPTIMIZED]` ndiyo unayoitaka. `[FTRACE]` maana yake uko mwanzoni mwa fanksheni. Pasipo lebo yoyote, bado unalipa bei ya mtego.

Hatua ya 4: Tafuta kilichozuia

Hapa ndipo usanifu wa prosesa unapoamua. Kwenye x86 mruko unahitaji baiti 5, na maagizo yana urefu tofauti, hivyo mruko mmoja unaweza kumeza maagizo mawili au matatu. Je, kama kuna msimbo unaorukia katikati ya hizo baiti? Ndiyo maana kerneli husoma fanksheni nzima, agizo kwa agizo, na kukataa ikiona mruko unaoangukia humo, au mruko ambao shabaha yake haijulikani mapema. Hukataa pia kama kuna kprobe nyingine ndani ya eneo hilo. Hata ikikubali, husubiri kazi zote zilizokatizwa humo zitoke, ndipo iandike: kwanza `int3`, halafu baiti zinazofuata, mwisho baiti ya kwanza. Kwa maoni yangu huu ndio ufundi mzuri kuliko wote katika mfumo mzima wa kprobes.

ARM na POWER zimeepuka hayo: agizo moja la baiti 4 hubadilishwa kwa agizo moja la baiti 4. Shida yao ni umbali, kwani tawi hufika megabaiti 32 tu kila upande. POWER imetenga nafasi ndani ya msimbo wa kerneli yenyewe ili shabaha isiwe mbali, na hukubali tu maagizo ambayo kerneli inaweza kuyaigiza.

Ukitaka kuelewa kwa nini RISC-V, familia nyingine ya prosesa, ni ngumu, angalia agizo lake la kuruka, `jal`: inafika megabaiti 1. Kwenda mbali zaidi kunahitaji maagizo mawili, `auipc` na `jalr`, yaani baiti 8 pamoja na rejista iliyo huru, na maagizo ya baiti 2 yanarudisha tatizo lile la x86.

Hatua ya 5: Linda fanksheni yako

Kama `pre_handler` yako (fanksheni inayoitwa kabla ya agizo la asili) hubadilisha `regs->ip` (anwani ya agizo linalofuata) ili kugeuza njia, kprobe ikiboreshwa badiliko hilo hupuuzwa. Weka fanksheni tupu kama `post_handler` (inayoitwa baada ya agizo hilo). Ikiwepo, kerneli haiboreshi kprobe hiyo.

Hatua ya 6: Pima pande zote mbili

`echo 0 > /proc/sys/debug/kprobes-optimization`

Endesha mzigo uleule, rudisha 1, subiri lebo irudi, endesha tena. Rudia kwenye kila aina ya prosesa utakayoitolea ripoti.