Kupanga Uwanja wa Michezo Wenye Hatari Inayofaa
Kabla ya kuchora uwanja, tenganisha hatari ambayo mtoto anaiona na kuipima mwenyewe, kama vile urefu wa ngazi ya kukwea, na ile asiyoweza kuitambua, kama vile msumari uliochomoza au upenyo wa kati ya sentimita 9 na 23, ambao huweza kupitisha kiwiliwili na kunasa kichwa. Ya kwanza ibaki, maana bila hiyo watoto watakwea ukuta. Ya pili iondolewe. Viwango vya Ulaya huruhusu kimo cha kuanguka kisichozidi mita 3. Chini ya vifaa tandaza mchanga laini wenye kina cha sentimita 30 au zaidi, uusawazishe mara kwa mara, kwa kuwa miguu huutawanya.