Umeumizwa hospitalini? Omba faili kwanza

Wakenya wengi wakiumizwa na matibabu hukimbilia kulalamika kwa mitandao, kisha miezi inayoyoma. Anza na faili. Andika barua fupi kwa msimamizi wa hospitali, iwe ya serikali au ya kibinafsi, ukiomba nakala ya rekodi zako zote: maandishi ya daktari, chati za manesi, matokeo ya maabara, fomu ya idhini uliyotia sahihi kabla ya upasuaji. Nakala yako ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikuzungusha, wataje Kifungu cha 35 cha Katiba, kinachokupa haki ya kupata habari unazozihitaji kutetea haki yako. Nashauri uiombe mapema, mgogoro haujachacha. Karatasi zina tabia ya “kupotea” baadaye.

Halafu daktari mwingine, asiye wa hospitali hiyo, akuchunguze na aandike ripoti. Matokeo mabaya peke yake si uzembe. Lazima ionekane kwamba huduma ilishuka chini ya kiwango na ndiyo iliyokudhuru.

Malalamiko dhidi ya daktari hupelekwa KMPDC, baraza linalosimamia madaktari nchini, ambalo linaweza hata kumsimamisha kazi. Lakini kuwa na shauri huko usikuchukulie kama kufungua kesi ya fidia mahakamani. Kwa kesi ya uzembe muda wa kuifungua ni miaka 3, na dhidi ya Serikali ni miezi 12 tu. Hapo ndipo wengi huachwa na gari, kwa hivyo muone wakili mapema.