Kesi imeisha, dhamana je? Hatua za kufuata katika mahakama za Kenya

Kazi yangu ni kuwasaidia watu wasio na wakili katika mahakama za hakimu. Majuzi nimemaliza kumhangaikia mama mmoja aliyemdhamini mtoto wa dadake kwa hati ya shamba. Kijana aliachiliwa kitambo, shamba likabaki limefungwa. Mama aligundua alipotaka kuligawa kwa wanawe.

Hakimu akishatamka, neno lake liko ndani ya faili moja tu. Pesa ziko kwa mhasibu, shamba liko kwa msajili wa ardhi, probesheni (kifungo cha nje chini ya uangalizi) iko kwa afisa wake, na hawa hawapigiani simu. Wa kuwazungukia ni wewe.

1. Pata amri yenye muhuri, usome kifungu

Omba masjala nakala iliyothibitishwa. Picha ya WhatsApp ya ukurasa wa faili haimsaidii mtu popote.

Tazama kesi ilifungwa kwa kifungu gani cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Ikiwa ni 210 (hakuna kesi ya kujibu), au uliachiliwa kwa 215 baada ya kusikilizwa, umeonekana huna hatia. Ikiwa ni 87(a), mashtaka yameondolewa tu, na unaweza kushtakiwa upya kwa jambo lilelile. Dhamana utarudishiwa, lakini karatasi zako usizitupe.

Kisha hesabu siku 14 za rufaa. Upande wa mashtaka nao una haki ya kukata rufaa hata ukiachiliwa, kwa hiyo ukiambiwa usubiri kwanza, usidhani unazungushwa.

2. Kama ulipatikana na hatia

Faini: tunza risiti. Kuachiliwa kwa sharti chini ya kifungu cha 35 cha Kanuni ya Adhabu: muda hauzidi miezi 12 na huisha wenyewe, usubiri tarehe tu.

Probesheni (miezi 6 hadi miaka 3) na huduma kwa jamii ni tofauti. Usihesabu siku nyumbani ukaacha kwenda. Mwombe afisa wa probesheni barua ya kukamilisha, kisha uulize masjala kama ripoti yake imeingia kwenye faili. Ukionekana umevunja amri, mahakama inaweza kukuita na kukuhukumu kwa lile kosa la kwanza.

3. Pesa taslimu

Pesa hurudishwa kwa jina lililo kwenye risiti. Kama shemeji ndiye aliyelipa, shemeji ndiye atakayeomba, hata kama ulishamrudishia. Peleka barua, risiti halisi, kitambulisho, amri na maelezo ya akaunti ya benki. Risiti ikipotea, tafuta abstrakti ya polisi (karatasi ya kuripoti kitu kilichopotea) na hati ya kiapo. Kama pesa zililipwa kituoni kabla ya kufikishwa kortini, uliza kwanza kama zilihamishiwa mahakamani au bado ziko kituoni.

4. Hati ya shamba

Hapa usiharakishe. Mtu akishikishwa hati yake mkononi hufurahi, huifunga kwenye nailoni na kwenda nyumbani. Lakini mahakama ilipoipokea hati, mara nyingi msajili wa ardhi pia aliandikiwa aweke kizuizi ili shamba lisiuzwe kesi ikiendelea. Kurudishwa kwa hati hakuondoi kizuizi hicho.

Kwa hiyo fanya sachi rasmi (kutazamiwa rekodi ya shamba kwenye rejista ya ardhi) kabla ya kuomba chochote. Palipoingia Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa mtandaoni, utaifanya kwa simu. Kwingineko ni kaunta. Matokeo yana sehemu tatu. Wengi hukimbilia Sehemu C, ya mikopo ya benki na kadhalika, wakiona hakuna kitu wanashukuru Mungu. Vizuizi huandikwa Sehemu B, palepale chini ya jina la mwenye shamba. Yule mama alikuwa na sachi safi kabisa kwenye C, na B ina mstari mmoja unaotaja nambari ya kesi ya jinai.

Sasa andika barua kwa msimamizi wa mahakama ukiomba mambo mawili, kila moja kwa sentensi yake: mdhamini aondolewe wajibu na arudishiwe hati, na msajili aamriwe kuondoa kizuizi. Amri ya mama ilisema "dhamana irudishwe" tu. Ofisi ya ardhi ikakataa, na kwa kweli haikukosea, maana haikuwa imeamriwa kitu. Ikabidi turudi kwa hakimu.

Hakikisha nambari ya shamba kwenye amri inalingana na hati herufi kwa herufi, jina la eneo likiwemo. Tarakimu moja ikikosewa, unarudi foleni. Chapisha barua nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Mimi siamini barua pepe kwa shughuli hii, na broka wa koridoni ndiye simwamini kabisa.

Baada ya kupeleka amri, fanya sachi ya pili. Watu huikwepa kwa sababu ni gharama tena. Ilipe. Mpaka Sehemu B isiwe na kizuizi, mdhamini bado amefungwa.

Aliyeweka logibuku ya gari afuate njia hiyohiyo, ila kwa NTSA, mamlaka ya usafiri inayosajili magari.

5. Pasipoti na hati ya kukamatwa

Pasipoti huombwa kwa barua ileile. Kama uliwahi kukosa siku ya kutajwa na hati ya kukamatwa ikatolewa, hakikisha faili inaonyesha ilifutwa, kisha mpelekee OCS (mkuu wa kituo cha polisi) nakala.

Wengine huniambia wana cheti cha maadili mema cha DCI (idara ya upelelezi wa jinai), kwa hiyo wamemaliza. Cheti hicho huombwa eCitizen na kinahusu rekodi yako ya jinai. Hakisemi lolote kuhusu shamba la mdhamini wako wala pesa zilizoko kwa mhasibu. Kiombe, ila baada ya hatua ya 4.