Kubadilisha bendeji ya upasuaji na kutunza mpira wa majimaji nyumbani

Mgonjwa anayeruhusiwa kutoka hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, au Abdulla Mzee kule Mkoani, Pemba, akiwa bado na bendeji na mpira wa kutolea majimaji, huangukia mikononi mwa mtu wa nyumbani ambaye pengine hajawahi kushika shashi. Maelezo haya ni kwa ajili yake, na hayaondoi agizo la daktari aliyepasua.

Bendeji ya kwanza, ile iliyowekwa katika chumba cha upasuaji, kwa kawaida huachwa kwa saa 24 hadi 48, muda ambao ngozi ya juu ya mshono huanza kujifunga. Kuifungua kwa kutaka kuchungulia tu ni kuvifungulia vijidudu mlango. Iliyorowa mpaka nje, hata hivyo, haingojewi, kwani palipopita unyevu kutoka ndani na vijidudu hupita kutoka nje. Joto la kaskazi hubandua plasta kwa jasho. Ngozi ikaushwe kwanza, na kingo zikiachia, bendeji yote ibadilishwe badala ya kuongezewa plasta juu yake. Udhu nao usiwe sababu ya kuirowesha: dini imetoa ruhusa kwa mwenye jeraha, na utaratibu wake aulizwe sheikh.

Mikono hunawiwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kuondoa bendeji ya zamani, kisha hunawiwa tena kabla ya kugusa mpya, na hapa pa pili ndipo wengi wanapopasahau. Shashi iwe ile iliyotakaswa, ya pakiti iliyofungwa, na maji yawe ya chumvi ya hospitali ya asilimia 0.9. Mshono hufutwa kwanza, kutoka juu kushuka chini, kila shashi mara moja tu kisha hutupwa; tundu la mpira hufuatia kwa shashi yake, kwa kuzungusha kutoka katikati kwenda nje. Manjano, spiriti na mafuta ya nazi havitiwi, hata kama jirani anaapa vilimponya. Mama aliyejifungua kwa upasuaji asikazwe mkaja juu ya mshono mpaka daktari aruhusu.

Mpira ndio unaotaka uangalifu zaidi. Kichupa laini kilicho mwisho wake, kikibonyezwa, hunyonya kwa sababu kinavutana kurudi katika umbo lake. Kikijaa au kikiingia hewa, kunyonya hukoma na majimaji hukusanyika chini ya ngozi. Kwa hiyo kimwagwe asubuhi na jioni, na mapema zaidi kikifika nusu. Fungua kizibo bila ya kugusa mdomo wake, mimina katika kikombe chenye alama za mililita, bonyeza mpaka hewa yote itoke, na urudishe kizibo ungali umebonyeza, maana ukiachia kwanza kazi yote imepotea. Mpira unaoishia kwenye mfuko wa kawaida haubonyezwi.

Kichupa kikae chini ya usawa wa kidonda, kibanwe kwa pini kwenye nguo, kamwe si kitandani, na mpira uachiwe ulegevu kidogo. Anayevuka kwa boti kutoka Pemba akimwage kabla ya kwenda bandarini, na kifichwe ndani ya nguo kisije kikavutwa na msongamano.

Andika tarehe, saa, kiasi na rangi. Wekundu wa siku za mwanzo hufifia, kisha huwa manjano mepesi. Damu mbichi ya ghafla, usaha, rangi ya kijani, harufu ya choo, homa, au mpira uliokuwa ukitoa kwa wingi kisha ukakoma ghafla, ni mambo ya kurudi hospitali siku ileile. Ukichomoka usirudishwe ndani: tundu lifunikwe kwa shashi safi, na mgonjwa apelekwe.

Madaktari wengi huutoa pale kiasi kinaposhuka chini ya mililita 30 kwa saa 24, ingawa hutegemea aina ya upasuaji, na hesabu hiyo hawaipati ila kwenye daftari lako. Ukishatolewa, tundu huvuja kidogo kwa siku moja au mbili. Shashi kavu hutosha mpaka lijifunge lenyewe.