Namna ya Kuepuka Kuishiwa Mafuta Ukirusha Ndege Ndogo

Kabla ya kuruka, panda ngazi, fungua kifuniko cha kila tangi na upime mafuta kwa kijiti kilichotiwa alama kwa ajili ya ndege hiyohiyo, nayo ikiwa imesimama mahali tambarare. Geji ya ndani ni ya kulinganishia tu, na maneno ya aliyeirusha kabla yako kwamba "yanatosha" hayana uzito wowote. Cessna 172S, kwa mfano, hubeba takriban lita 212, lakini zinazoweza kufika kwenye injini ni kama 201. Hesabu yako isimame juu ya hizo 201.

Kisha geuza lita kuwa muda, maana hapo ndipo wengi hukosea. Tuseme safari ni ya kilomita 360 na ndege yako huenda kilomita 200 kwa saa: utafika baada ya saa 1 na dakika 48. Ukikutana na upepo wa mbele wa kilomita 45 kwa saa, safari ileile itachukua saa 2 na dakika 19. Nyongeza hiyo ya dakika 31 inameza akiba yote ya dakika 30 ambayo sheria ya Marekani humtaka rubani anayeruka mchana kwa kutazama nje awe nayo (usiku ni dakika 45). Kwa maoni yangu, akiba ya saa nzima ndiyo inayostahili kuitwa akiba.

Ukiwa angani, andika saa uliyowasha injini na kila unapobadilisha tangi. Injini inaweza kuzimika huku tangi la pili likiwa na mafuta, kwa hiyo jizoeze kuifikia valvu ya kuchagua tangi ukiwa bado chini. Mwanamuziki John Denver alifariki Oktoba 1997 huko California alipopoteza udhibiti wa ndege yake akijaribu kuigeuza valvu iliyokuwa nyuma ya bega lake la kushoto. Wachunguzi walitaja pia kwamba hakujaza mafuta kabla ya kuruka.

Dakika zilizobaki zikikaribia akiba, tua kwenye uwanja wa karibu wakati injini ingali inavuma. Ikishanyamaza, kwanza shusha pua upate mwendo wa kuteleza ulioandikwa kwenye kitabu cha ndege, elekea eneo la wazi, ndipo ubadilishe tangi na kuita msaada redioni.